Mama mdogo wa kwenye fomu

Kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili walioko Uingereza kuna kauli mbili hazizeeki. Ya kwanza ni kwamba huku serikali inanyang'anya watu watoto wao. Ya pili ni kwamba kwetu mtoto hakosi ndugu. Kila moja ina nusu ya ukweli. Naona England inajua kazi moja tusiyoiweza kwetu: kuandika jina la anayewajibika kwa mtoto, kisha kwenda kumtazama mtoto mwenyewe. Lakini kazi tunayoifanya sisi bila kufundishwa na mtu, ya kumpeleka mtoto kwa watu wake siku ile ile, England huifanya kwa kuchelewa na kwa kusitasita. Nataja England kwa sababu Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

Tuanze na hiyo kunyang'anywa. Ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri hana mamlaka ya kuingia ndani na kuondoka na mtoto. Polisi wanaweza kumhifadhi kwa saa 72 tu. Mahakama ikitoa amri ya dharura, ni siku 8, na inaweza kuongezwa mara moja kwa siku 7 nyingine. Zaidi ya hapo halmashauri inalazimika kuomba amri ya malezi chini ya kifungu cha 31 cha Sheria ya Watoto ya 1989, na ithibitishe mbele ya jaji kwamba mtoto ameumia au yuko hatarini kuumia vibaya kwa sababu ya malezi anayopata. Mzazi hupewa wakili bure bila kuulizwa kipato chake.

Sasa angalia watoto wetu wanavyoondoka kweli. Wengi hawaanzi na jaji, wanaanza na sahihi. Mama amelazwa, au amechoka na mvulana wa miaka 14, au kuna ugomvi nyumbani, na ofisa anamletea karatasi ya kifungu cha 20 cha sheria hiyo hiyo. Hayo ni makubaliano ya hiari: mzazi anabaki na haki zake zote, na kwa kawaida anaweza kumrudisha mtoto wakati wowote bila kutoa notisi. Ila mtu aliyezoea kwamba karatasi ya serikali ni amri hutia sahihi kwa woga, halafu anakaa miezi akisubiri "wamrudishe". Karatasi hiyo ni ya kusomwa na mkalimani na wakili kabla ya kalamu kugusa, na iandikwe tarehe ya kuipitia upya.

Kosa la pili ni zito kuliko hilo, nalo ni kuficha ndugu. Kesi ya malezi ina muda wa wiki 26 kisheria, ingawa nyingi hupita hapo. Halmashauri ikituma barua ya onyo kabla ya kwenda mahakamani, hapo ndipo pa kutaja majina: bibi wa Leicester, mjomba wa Mombasa, binamu wa Manchester mwenye chumba cha ziada. Wazazi wengi hawataji mtu. Aibu. Hawataki ukoo ujue. Kesi inafika wiki ya 20, hukumu inanukia, ndipo shangazi anasikia habari kutoka kwa jirani na kujitokeza akilia. Tathmini yake kamili inahitaji kama miezi mitatu: rekodi za polisi, ripoti ya daktari, wadhamini, ukaguzi wa nyumba, mazungumzo kadhaa ya saa nyingi. Ndugu akiwa Kenya au Tanzania inachukua muda zaidi, kwa sababu lazima apatikane mtaalamu wa huko wa kumtembelea. Jaji anaweza kuongeza muda, na anaweza pia kusema mtoto wa miaka miwili hawezi kuendelea kungoja.

Ndugu anayejitokeza mapema anaweza kupewa mtoto kwa kibali cha muda cha wiki 16 huku tathmini ikiendelea. Katika kipindi hicho anahesabika kama mlezi wa kambo, yaani mtu aliyekabidhiwa na halmashauri kumlea mtoto asiye wake, na anastahili posho sawa na mlezi asiye ndugu. (Neno "kambo" hapa ndilo lile linalotumiwa na ofisi za ustawi Tanzania. Halihusiani na mama wa kambo, ingawa najua wasomaji wengi wameshakunja uso.) Baadaye halmashauri itapendekeza amri ya ulezi maalumu, ya kumfanya ndugu huyo mlezi wa kisheria hadi mtoto akue, na hapo ndipo watu wetu hupunjwa. Mlezi maalumu si mlezi wa kambo tena. Posho yake hupimwa kwa kipato na hutofautiana kati ya halmashauri na halmashauri. Mpango wa msaada uandikwe kwa tarakimu, kwa miaka, na kwa jina la huduma kabla ya siku ya mwisho mahakamani. Baada ya amri kutolewa, unaomba fadhila.

Hata hivyo amri hiyo ndiyo ninayoiona kuwa karibu zaidi na desturi zetu, hasa kwa Waislamu wanaokataa kuasili kwa sababu ya nasaba. Kuasili huku kunakata kila kitu: cheti kipya, wazazi wapya kisheria, mirathi mipya, na mara nyingi mawasiliano na mama mzazi yanabaki barua moja au mbili kwa mwaka kupitia ofisi. Ulezi maalumu, ulioanza kutumika mwisho wa 2005, hauvunji ukoo. Mtoto anabaki na jina na baba yake. Mlezi ndiye mwenye kauli ya mwisho katika mambo ya kila siku hadi miaka 18, ila hawezi kubadilisha jina la ukoo wala kumtoa mtoto nje ya nchi kwa zaidi ya miezi mitatu bila ridhaa ya wazazi au ruhusa ya mahakama. Mtu anayeijua kafala, malezi ya Kiislamu ya mtoto asiyebadilishiwa nasaba, hahitaji kuelezwa sana. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 na Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 zote zimeitambua kafala kwa jina lake.

Halafu kuna suala la nani ni ndugu. Sheria ya England inawataja ndugu wa karibu: babu na bibi, kaka na dada, wajomba na shangazi, wawe wa damu kamili, nusu au kwa ndoa, pamoja na mume wa mama au mke wa baba. Mama mdogo aliye dada wa mama yako yumo. Mama mdogo aliye binti wa shangazi ya mama yako hayumo, hata kama ndiye aliyekuogesha tangu kuzaliwa. Dada wa bibi hayumo pia. Mtoto wa chini ya miaka 16 akikaa kwa mtu wa aina hiyo kwa siku 28 au zaidi, halmashauri lazima ijulishwe wiki sita kabla, au mara moja kama tayari amefika. Ofisa atakuja kukagua na atazungumza na mtoto peke yake. Kutojulisha ni kosa la jinai. Waswahili wengi hawajulishi, na si kwa ubaya. Hawajui kwamba mama mdogo wao, kwenye fomu, ni mtu baki.

Sheria hiyo inaudhi, lakini haikutoka hewani. Victoria Climbié, mtoto wa Ivory Coast, aliletwa Ulaya na shangazi ya baba yake kwa ahadi ya shule. Alikufa London Februari 2000, ana miaka 8, baada ya mateso ya miezi mingi, huku ofisi kadhaa zikiwa zimemwona na yule mwanamke akijitambulisha kuwa mama yake. Ahadi ile ya shule tunaijua sana. Ndiyo inayowatoa wasichana vijijini kwenda Dar es Salaam na Nairobi "kwa shangazi", na wengine wakifika wanakabidhiwa ufagio badala ya daftari.

Tukija kwenye matokeo, watu hupenda kurusha takwimu bila kuzikunjua. Machi 2024 England ilikuwa na watoto wapatao 84,000 chini ya uangalizi wa halmashauri, na karibu theluthi mbili waliishi kwa walezi wa kambo. Wanaoasiliwa ni takriban 3,000 kwa mwaka, kutoka zaidi ya 5,000 mwaka 2015, na wengi wao ni wadogo sana. Kuasili kunadumu: utafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol uliochapishwa 2014 ulikuta kwamba katika kipindi cha miaka 12 ni kama asilimia 3 tu ya watoto walioasiliwa waliorudi kwenye uangalizi, wengi wakiwa wameshafika ujanani. Kwa hiyo ukimwona mzazi wa kuasili ana mtoto mtulivu wa miaka 7, usidhani kazi imeisha. Miaka 11 hadi 16 ndiyo yenye moto. Na fungu la tiba kwa familia hizo lilipunguzwa Aprili 2025, kutoka pauni 5,000 hadi 3,000 kwa mtoto kwa mwaka.

Waliobaki kwenye malezi ya kambo hufanya vibaya shuleni ukiwalinganisha na watoto wote, na vichwa vya habari huishia hapo. Huo si mlinganisho wa haki, maana waliingia wakiwa wameshaumia. Watafiti wa Oxford na Bristol mwaka 2015 waliwalinganisha na watoto waliobaki kwenye familia zenye shida, na waliokaa muda mrefu kwenye malezi walifanya vizuri zaidi. Kilichowaangusha ni kuhamahama. Kila kuhamishwa nyumba baada ya miaka 11 kulikwenda na kushuka kwa theluthi moja ya daraja kwenye mitihani ya miaka 16. Kubadilisha shule katika miaka miwili ya mwisho kulikwenda na kushuka kwa zaidi ya madaraja matano. Karibu mtoto mmoja kati ya kumi hukaa sehemu tatu au zaidi ndani ya mwaka mmoja, na bado kuna wanaohamishwa na nguo zao kwenye mifuko ya takataka.

Wanahamishwa kwa nini? Walezi ni wachache, hasa wa vijana na wa ndugu wanaotaka kukaa pamoja. Pengo hilo limezibwa na kampuni. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilichunguza soko hili na kuripoti mwaka 2022 kwamba nafasi moja kwenye makao binafsi ya watoto iligharimu wastani wa pauni 3,830 kwa wiki, na faida ya kampuni kubwa ilikuwa asilimia 22.6. Makao hufunguliwa penye nyumba za bei rahisi, si penye watoto. Ndiyo maana mtoto wa London anajikuta mji asioujua hata jina. Bibi angepewa robo ya fedha hizo, angepanga nyumba yenye chumba cha ziada.

Kuna jambo moja mzazi wa Kiswahili anaweza kulidai na halidai: maandishi. Mkutano wa kwanza wa kupitia mpango wa mtoto hufanyika ndani ya siku 20 za kazi, wa pili ndani ya miezi mitatu, kisha kila miezi sita, na unasimamiwa na mtu asiye na kesi hiyo mkononi. Hapo ndipo pa kusema: mtoto anaongea Kiswahili, hali nguruwe, nywele zake hupakwa mafuta na kusukwa kila baada ya wiki mbili, Jumamosi huenda madrasa, na bibi yake apigiwe simu Jumapili. Yakiingia kwenye mpango, mlezi ataulizwa mkutano ujao. Yakibaki kinywani, hayajasemwa.

Na karatasi za uhamiaji. Mtoto asiye na hadhi ya ukazi aliye chini ya halmashauri haonekani tofauti na wenzake mpaka afike miaka 18, ndipo anagundua hawezi kuajiriwa wala kupata mkopo wa chuo. Tangu Juni 2022 watoto walio kwenye uangalizi hawalipi ada ya kuandikishwa uraia, ambayo mwaka 2025 kwa wengine ilizidi pauni 1,000. Msamaha huo unaishia siku ya kutimiza miaka 18. Maofisa hubadilika, faili hulala. Ulizeni hilo mtoto akiwa na miaka 10, si 17. Mshauri wa kijana aliyetoka kwenye malezi yupo hadi miaka 25, na kijana anaweza kuendelea kukaa kwa mlezi wake hadi 21 wakikubaliana, lakini mshauri hawezi kurudisha msamaha uliopita.

Kwetu je? Kenya ilisimamisha kuasili watoto kwenda nje mwaka 2014, na ina mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha kwenye familia. Ni sawa kabisa, kwa sababu sehemu kubwa ya watoto wa makao wana mzazi hai au ndugu. Walipelekwa kwa ajili ya ada na chakula. Tanzania ina familia za kuaminika, watu waliokaguliwa na ofisa ustawi ili kumpokea mtoto kwa dharura, na kuasili huenda Mahakama Kuu. Sheria si haba. Kinachokosekana ni miguu: ofisa mmoja, kata nyingi, hana nauli ya bodaboda. Na sisi tulio nje tunatuma pauni 50 kwa makao yenye picha nzuri mtandaoni, wakati fedha hiyo hiyo ingelipia sare na unga kwa bibi anayelea wajukuu wanne, mtaa ule ule.

Anayempeleka mtoto kwa ndugu mjini anaweza kuanza leo bila kusubiri mkakati wowote. Aende na mtoto kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa chifu, waandike karatasi moja: jina la mtoto, anatoka kwa nani, anakwenda kwa nani, shule gani, na nani wa upande wa wazazi atakayekwenda kumwona mwisho wa muhula na kukaa naye faragha. Mtoto afundishwe namba 116, inayopigwa bure Kenya na Tanzania, na shangazi wa mjini aone anavyofundishwa.