Sigara ya baba aifuate baba mwenyewe

Mtoto wa darasa la nne anatumwa dukani jioni, hapa hapa Chang'ombe, Dodoma. "Sigara mbili za baba na kiberiti." Muuzaji hamuulizi kitu. Anazichomoa pakitini, anamwekea kiganjani, anamrudishia chenji. Mtoto anaondoka huku anazinusa, maana vidole vimeshashika harufu. Wengine hata huambiwa waziwashe kabisa jikoni, na sigara haiwaki bila kuivuta.

Naliona jambo hili mara nyingi na linaniuma. Tunapenda kusema kila mtu ameamua mwenyewe kuvuta. Mimi sikubali. Muulize mvutaji wa miaka mingi alianzaje: hatakuambia kwamba alikaa akafikiri. Atakuambia alikuwa kijiweni na wenzake, au alikuwa akitumwa, akaonja. Pafu la kwanza linakohoza na kutia kizunguzungu, hakuna anayelifurahia. Lakini nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache tu, na kwa kijana ambaye ubongo wake bado unakua, haichelewi kumzoesha. Akija kupata akili ya kuamua, mwili unadai sigara kabla hata ya chai.

Na wasioanza kamwe? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta watumiaji wa tumbaku ni karibu asilimia 15 ya wanaume wazima, na asilimia 3 hivi tu ya wanawake. Onyo kwenye pakiti ni lile lile kwa wote. Ila hakuna anayempa binti sigara kijiweni, na akiishika mtaa mzima utamsema. Bibi wa kijijini akinusa ugoro, hakuna anayeshangaa. Kwa hiyo anayevuta na asiyevuta, kwa sehemu kubwa, wametengenezwa na watu waliowazunguka: nani aliwapa, nani aliwatuma, nani aliwanyamazia.

Sina ugomvi na mkulima wa Urambo anayesomesha watoto kwa tumbaku, wala na dereva wa lori anayevuta ili asisinzie. Huyo wa pili namwonea huruma, maana wengi wao wametaka kuacha wakashindwa.

Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Muuzaji anajitetea: "Katumwa huyu, havuti." Ni kweli, leo havuti. Lakini anajua bei, anajua ipi ni kali, na anajua kwamba akija peke yake kesho kutwa atapewa vile vile.

Baba anayetaka sigara saa mbili usiku avae kandambili aende mwenyewe. Na muuzaji amrudishe mtoto na hela yake. Yupo mwenye duka mmoja Nkuhungu anayefanya hivyo, huwa anasema tu, "Mwambie baba aje," na wateja hawajamkimbia.