Mita 58 za Likoni na kazi ya roboti za nyanjani

Kijana wa Mombasa akisema anataka kuongoza utafiti wa roboti za nyanjani, yaani zinazofanya kazi nje ya maabara, huambiwa asomee ubaharia au uwakala wa forodha kwanza. Mzazi anayesema hivyo hakosei. Karo ni ghali, ajira za namna hiyo hapa ni haba, na roboti ya majini hununuliwa ikiwa tayari.

Mimi mawazo yangu yanabaki kivukoni Likoni. Septemba 29, 2019, gari liliteleza kutoka feri ya MV Harambee, ndani mkiwa na mama na bintiye. Lilitolewa Oktoba 11. Siku 13, jamaa wako ukingoni wanatazama maji! Lilikuwa kina cha mita 58, ambako mgandamizo ni karibu mara saba ya ule wa juu, na mpiga mbizi hukaa dakika chache kabla ya kuanza kupanda polepole. Roboti haina dakika za kuhesabu. Lakini wakati wa bamvua, mkondo wa Kilindini huuburuta waya unaoiunganisha na waendeshaji wake juu, tope hufumba kamera, na feri zinapita juu. Anayejua ashushe saa ngapi, kwa waya wa urefu gani, haji na mashine ndani ya kasha.

Kujua huko hupatikana kwa kushindwa. Roboti Dante ilipelekwa volkano ya Erebus, Antaktika. Waya ukakatika ingali juu kabisa ya kasoko. Mwaka 1994 Dante II ikashuka Mlima Spurr, Alaska, ikapima gesi, kisha ikapinduka ikipanda kurudi. Vipimo vilikuwa vimeshafika. Kiongozi wa utafiti kazi yake hasa ni hiyo: kuutetea waya uliokatika mbele ya wanaotoa pesa, ili wa pili ununuliwe.

Na mahali tunapo. KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, ina meli ya utafiti, RV Mtafiti. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kipo Tudor, maji ya Kreki ya Tudor, mkono wa bahari, yako karibu nacho. Kinachokosekana ni cheo chenye bajeti ya kujaribu na kukosea.

Wapiga mbizi wanahofia kunyang'anywa kazi, na hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana wa kwanza kuajiriwa katika timu ya roboti, kwa maoni yangu, awe mmoja wa walioshuka Likoni mwaka 2019.