Wapangaji wa Kopo Moja

Ukitaka kumwona mtu na akili zake akiumbuka, mpe konokono wa milimita nne amtambue.

Nilikuwa kibarua wa Dokta mmoja, mtafiti wa konokono, msituni Amani, Usambara Mashariki. Kazi yenyewe: unapiga magoti, unachekecha majani yaliyooza, unaokota vitu vidogo kuliko punje ya mchele. Wiki ya kwanza nilimpelekea mbegu, kinyesi cha jongoo na, Mungu anisamehe, kipande cha ukucha wangu mwenyewe.

"Kijana, ncha ya gamba juu, mlango wake ukutazame," akanielekeza. "Mlango ukiwa kulia, huyo wa kulia. Hesabu mizunguko. Kisha chungulia mlangoni uone meno."

Meno! Kumbe konokono wa jamii ya Gulella wana vijino mlangoni mwa gamba, na mpangilio wake ndio unaosaidia kumjua nani ni nani. Watoto kwa kawaida hawajaota. Sikuambiwa hilo mapema, kwa hiyo nilishatangaza spishi mpya mara mbili.

Jioni moja, chini ya gogo bovu, nikaokota 11 wakiwa hai. Saba wa kijivukijivu, wanne miili ya njano kama embe dodo. Nikawatia wote kopo moja, nikawawekea jani la mchicha na lebo safi. Mvua ikatufungia ndani siku tano.

Nilipofungua kopo, mchicha haukuwa na hata tundu. Wale saba walikuwa magamba matupu. Wa njano wanne wametulia tuli, kama wageni baada ya pilau.

"Shikamoo Dokta. Tumepata msiba. Kuna ugonjwa umeingia."

Akachungulia kwa lenzi. Akaketi chini, akacheka mpaka akavua miwani.

"Umewalaza kuku na kicheche! Hawa wa njano wanakula konokono wenzao."

"Kwa vijino vile, Dokta?"

"Vile vya mlangoni havitafuni kitu. Inadhaniwa ni vya kuzuia mbawakawa wasiingie. Meno ya kulia chakula yamo kinywani."

Nikabaki nimeshika kopo. Siku zote tano nilikuwa nikilitikisa kila asubuhi, nawaambia, "Kuleni, jamani, msione haya."

Dokta akanirudishia lebo niisahihishe. Nilikuwa nimeandika: *Hai 11. Chini ya gogo. Chakula: mchicha.*

Nikakata 11, nikaandika 4. Nikakata mchicha, nikaandika: *majirani*.