Gari la Wagonjwa Lililostaafu: Kilomita Zinahesabiwa, Sanduku Linasahauliwa

Mtu akitangaza kwamba amenunua ambulensi iliyostaafu ili aigeuze gari la kulala la kuzurura nalo porini, wajuzi humrukia na hoja moja: gari hilo limechoka kuliko linavyoonekana. Hoja ni ya kweli, na anayeipuuza atalia na mafundi. Lakini imepewa nafasi kubwa mno, hadi inafunika kile hasa ambacho mnunuzi anakilipia: sanduku, yaani chumba cha mgonjwa kilichofungwa nyuma ya kabini ya dereva.

Ambulensi hutembea kidogo na kunguruma sana. Husubiri mlangoni pa hospitali, husubiri kando ya ajali, na injini haizimwi kwa sababu vifaa vya mgonjwa na kiyoyozi vinataka umeme. Mafundi hukadiria kwamba saa moja ya kunguruma gari likiwa limesimama huichosha injini sawa na kilomita 40 hadi 50 za mwendo. Tuseme dashibodi inaonyesha kilomita 120,000 na mita ya saa, ile inayohesabu muda ambao injini imewaka, imefika 9,000. Kama mwendo wa wastani ulikuwa kilomita 40 kwa saa, safari zilikula saa 3,000 tu. Saa 6,000 zilizobaki gari lilikuwa limesimama likinguruma. Zizidishe mara 40, unapata 240,000 za kuongeza juu ya zile 120,000, na ghafla una injini ya kilomita 360,000. Kwa dizeli kuna baya zaidi: ikinguruma muda mrefu bila kazi haipati joto la kutosha, masizi hujaa kwenye njia za hewa na kwenye chujio la moshi, na mafuta yasiyoungua huteremka kwenye oili.

Sasa itazame hesabu hiyo tena. Difu haikuzunguka saa zile 6,000, wala beringi za magurudumu, na gia boksi haikuvuta mzigo. Kilichozeeka ni injini, na injini hufunguliwa, hutengenezwa, hata hubadilishwa. Ndiyo maana mnunuzi makini huuliza mita ya saa kabla ya kuuliza rangi, na huuliza ni injini ipi. Dizeli ya Ford ya lita 7.3 ina sifa ya kudumu. Ile ya lita 6.0 iliyoirithi mwaka 2003 inajulikana kwa gasketi za hedi na vipoza moshi vinavyokufa mapema.

Wenye biashara ya ambulensi wenyewe wanajua thamani iko wapi. Marekani, ambulensi nyingi za sanduku hufufuliwa kwa kuling'oa sanduku la zamani na kulifunga juu ya chesisi mpya, yaani sehemu ya chini yenye injini na magurudumu, kisha linarudi kazini kubeba wagonjwa. Chesisi imekufa, sanduku bado linaaminiwa kubeba roho za watu.

Na ukiingia ndani unaona sababu. Fremu ya sanduku ni ya mabomba ya alumini yaliyochomelewa, kwa hiyo kuta hazioti kutu kama bati la gari la mizigo. Ndani ya kuta mna vizuia joto. Kimo chake ni kama mita 1.8, watu wengi wanasimama wima. Benchi la pembeni lina urefu wa mtu kulala, na chini ya kifuniko chake mna stoo. Kabati zina milango inayojifunga isifunguke gari likiruka shimo. Nje kuna vyumba vyenye kufuli, kimoja kirefu kilichokuwa cha mtungi wa oksijeni. Umeme ndio unaonishawishi zaidi: alteneta kubwa, betri zaidi ya moja, mara nyingi inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, na soketi ya nje ya kuchajia gari likiegeshwa. Mtu anayeanza na gari tupu la mizigo hutumia miezi kuvijenga hivyo vyote, na mara nyingi hajengi kwa uimara huo.

Wapinzani wangenibana vizuri zaidi kama wangeacha injini na kushika neno "porini". Ambulensi nyingi za sanduku huvuta kwa nyuma tu, ni nzito kwa juu, na tairi zake za nyuma ni za dabo: mawe hukwama katikati, na mchangani tairi za nyuma hazifuati njia iliyokandamizwa na za mbele. Ngazi ya nyuma nayo hugonga ardhi kila gari linapotoka bondeni. Kulifanya livute kwa magurudumu yote manne kunaweza kugharimu kuliko gari lenyewe. Hapo sina ubishi. Kwa barabara mbovu za changarawe linatosha, kwa matope mazito na matuta ya mchanga halitoshi. Anayeyataka hayo atafute ambulensi ya kijeshi, mfano Land Rover Defender 130 zilizotumiwa na jeshi la Uingereza, akubali na nafasi ndogo.

Kwa anayebaki na sanduku kubwa, king'ora na taa za dharura vitoke, na usajili ubadilishwe. Kisha alipeleke mizanini likiwa tupu, kila ekseli ipimwe peke yake, kabla hajafunga hata ubao mmoja. Lita 200 za maji ni kilo 200, na kilo hizo zikikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, usukani wa mbele unakuwa mwepesi pale pale unapouhitaji uwe mzito.