Haruni mpatanishi katika vitabu vya picha

Marabi, walimu wa dini ya Kiyahudi, walimsifu Haruni, ndugu yake Musa, kwa kuikimbilia amani, na kisa chake huwafaa sana wachoraji wa vitabu vya watoto. Watu wawili wamekosana. Haruni anakwenda kwa wa kwanza, anakaa naye, anamwambia kwamba mwenzake anajipiga kifua kwa majuto. Haondoki mpaka chuki imtoke. Kisha anakwenda kwa wa pili na maneno yale yale. Wakikutana, wanakumbatiana. Mtoto asiyejua kusoma anaona nyuso zilizonuna, nyumba mbili, na miguu inayokwenda na kurudi. Zaburi ya 34 inasema "utafute amani ukaifuatie", na kufuatia huko hapa kunaonekana kwa macho.

Ila Haruni amedanganya. Watetezi hujibu kwamba Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, inaruhusu kugeuza maneno kwa ajili ya amani: Sara alisema mumewe ni mzee, lakini Mungu alipomsimulia Ibrahimu alitaja uzee wa Sara peke yake. Mtu mzima ataipima hoja hiyo. Mtoto wa miaka minne atabaki na ruhusa ya kudanganya.

Pingamizi la pili ndilo zito zaidi. Talmudi hiyo hiyo inamweka Musa upande wa pili: sheria na iutoboe mlima, yaani haki itendeke hata iweje. Aliyenyang'anywa gari lake la kuchezea anataka gari kwanza, kukumbatiwa baadaye. Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi wa zama za kati, naye alidai yote mawili: aliyemdhulumu mwenzake amlipe, kisha amwombe radhi. Shalom, neno la Kiebrania la amani, ina mzizi mmoja na salama yetu, na maana yake ya ndani ni ukamilifu. Gari lisiporudi, kuna pengo. Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32 tu, na ni rahisi mwandishi kuliruka pengo hilo ili afikie tabasamu.

Haruni abaki, ila asitangulie. Kwa miaka mitatu na minne, Mwanzo 13 inafaa zaidi: wachungaji wanagombea malisho, Ibrahimu anamwachia Lutu achague kwanza, na hakuna uongo. Haruni aje kwenye mitano au sita. Msomaji asimame kabla ya ukurasa wa kukumbatiana na kuuliza: "Kuna kitu hakijarudishwa?" Asiulize nani mbaya, maana watoto wataanza kuhukumu na kisa kitasahaulika. Wala kitabu kisifunguliwe ugomvi ukiwa bado wa moto, kwa sababu mtoto atasikia karipio tu. Kisubiri jioni, au kesho yake.