Nauli ya Taa

Mkiniona asubuhi nimebanwa kwenye daladala, gari langu liko nyumbani limefunikwa turubai, msinisalimie kwanza. Nina ugomvi na taa.

Ilianza kwa bodaboda. Alinigonga pale Tabata, taa ya mbele upande wa dereva, ikasagika yote. Nikashuka na hasira zangu kamili. Kabla sijafungua mdomo, bodaboda wenzake kumi na mmoja walikuwa wameshatuzunguka, sijui huwa wanaitana kwa filimbi gani. Mmoja wao akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwani mzee wewe ulikuwa unaenda wapi?" Swali hilo sijalipatia jibu mpaka leo. Nikaishia kumpa kijana elfu tano ya dawa ya goti, nikaokota vipande vya taa nikaviweka kwenye kofia, nikaondoka kama mwenye makosa.

Lingekuwa Toyota IST, yangeishia hapo. Taa ya IST hapa Dar unaweza kuiulizia hata kwa Mangi, akakuambia subiri nitoe hizi sabuni. Lakini mimi na ujuaji wangu, siku ya kununua gari nilisema sitaki gari ambalo nikiliegesha kwenye sherehe, nikitoka silitambui katikati ya ndugu zake ishirini. Nikachukua Verossa. Toyota walianza kuitengeneza mwaka 2001, ilipofika 2004 wakaacha. Sikujiuliza kwa nini waliacha. Injini haina shida, inachangia udugu na Mark II, spea zake zimejaa. Shida ni uso. Ule uso Toyota hawakumpa mtoto wao mwingine yeyote.

Nikaenda Shaurimoyo, kwenye maduka ya spea, na kofia yangu ya vipande. Kijana wa pale akaangalia vipande, kisha akaangalia viatu vyangu, ndipo akataja bei. "Tatu na nusu, bosi."

"Elfu tatu na mia tano?"

Akamwita mwenzake aje anisikilize.

Laki tatu na nusu, taa moja, tena ina mkwaruzo. Nikawaambia mnatuibia nyie, kule Japani hizi taa zinatupwa jalalani. Habari hizo za jalala nilizipata kwa shemeji yangu. Shemeji ni mtu mwenye uhakika na kila jambo hapa duniani, isipokuwa tarehe ya kunirudishia pesa yangu.

Usiku ule ule tukaingia mtandaoni, mimi na yeye na simu yenye chaji asilimia tisa. Taa tukaiona. Iko Nagoya, mtumba safi, haina hata mkwaruzo, dola 55. Nilicheka kwa sauti mpaka mama watoto akatoka jikoni na mwiko mkononi. Nikamwonyesha. Akaitazama, akauliza swali moja tu: "Hiyo bei ni mpaka hapa mlangoni?" Nikamwambia aendelee kupika, haya ni mambo ya biashara ya kimataifa.

Muuzaji akaniwekea njia mbili. Ndege dola 120, meli dola 70. Mimi ni mtu wa kubana matumizi, nikachagua meli. Bima dola 3. Shemeji akashauri tumwombe Mjapani aandike kwenye karatasi kwamba taa ni zawadi, eti zawadi haina kodi. Mjapani akajibu baada ya siku mbili, barua ndefu yenye kuomba radhi mara tatu, kwamba hataweza kuandika zawadi, kwa sababu si zawadi. Nimekataliwa mengi katika maisha yangu, lakini kukataliwa kwa heshima namna ile ilikuwa mara ya kwanza. Nilijisikia kama nimeombwa nitoke msikitini.

Wiki saba baadaye, meli imefika. Nikaambiwa mzigo wa aina ile mtu hautoi mwenyewe kama anavyotoa mkoba kwenye basi, tafuta wakala wa forodha. Nikampata, kijana mdogo, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni. Akafungua karatasi zangu.

"Bosi, taa yako ni dola 128."

"Hapana mwanangu, nimenunua 55. Risiti hiyo hapo."

"Naiona. Lakini kwa hapa ni 128."

"Imepanda lini?"

"Ilipopanda meli, bosi."

Nikadhani ananitania. Hatanii. Kumbe kwenye forodha bei ya kitu haisimami peke yake. Wanachukua bei uliyonunulia, wanaongeza bima, wanaongeza nauli, ile jumla ndiyo inayotozwa ushuru. Nikamwambia kijana, nauli haijaingia nchini! Nauli imeishia baharini, imeliwa na meli! Mimi nikitoka Tanga, nikishuka Mbezi tiketi natupa, hakuna anayenifuata kunidai kitu juu ya nauli niliyokwisha kulipa. Akanisikiliza mpaka mwisho, nadhani hotuba ile huwa anaisikia kila siku, kisha akachukua kalamu ya pili.

Akanieleza kwamba ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki una makundi ya asilimia: sifuri, 10, 25 na 35. Kama madaraja ya mtihani, ila huku aliyepata sifuri ndiye anayeshangilia. Akasema, tufanye mfano bosi, mzigo wa laki moja, kundi la 25. Ushuru?

"Elfu ishirini na tano." Hesabu nilikuwa nafaulu.

"Vizuri. Sasa VAT, asilimia 18."

"Elfu kumi na nane."

"Elfu ishirini na mbili na mia tano."

Nikamwambia arudie. Akarudia. VAT haihesabiwi kwenye ile laki, inahesabiwa kwenye laki pamoja na ushuru wake, yaani kwenye laki na ishirini na tano. Maana yake kodi inakuja, inaikuta kodi mwenzake imekaa, inaipiga kodi. Halafu jina lake ndiyo hiyo Kodi ya Ongezeko la Thamani. Thamani imeongezeka kwa nani? Mimi niliyekuwa nimesimama pale nilikuwa napungua kwa macho.

Chini kabisa kukawa na tozo ndogo ndogo, mojawapo ya kuendeleza reli. Hii sikubisha. Nimepanda treni ya umeme kwenda Dodoma, nzuri, hairushi mtu. Ila nataka ijulikane kwamba mahali fulani kati ya Soga na Ruvu kuna nati imekazwa kwa taa yangu ya Verossa, na siku nikipita pale nitaomba abiria wanyamaze kidogo.

Nikabisha hayo mengine siku nne. Kila asubuhi nakwenda, naeleza habari ya tiketi ya Tanga, narudi. Siku ya tano wakala akanipigia: bosi, sasa kuna na hela ya kuhifadhi. Taa imekaa ghalani, na taa ikikaa ghalani inalipa pango, Jumamosi inalipa, Jumapili inalipa. Nina chumba cha uani nimepangisha, mpangaji wangu huu ni mwezi wa tatu hajaleta hata salamu. Natamani ghala lile limlee yeye.

Lililonimaliza lakini si pango. Kwenye foleni nilikaa na mzee mmoja mstaafu, koti la suti, miwani imefungwa uzi. Nikamlilia habari ya nauli. Akauliza, "Ilikuja kwa meli?" Nikasema ndiyo, kubana matumizi. Akatikisa kichwa taratibu. "Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004. Soma Jedwali la Nne. Mzigo ukija kwa ndege, nauli haiongezwi kwenye thamani."

"Unasema?"

"Haiongezwi. Ya meli ndiyo inaongezwa."

Niliinuka nikaenda kusimama nje kidogo. Mwaka 2004! Mwaka ule ule gari langu linaacha kutengenezwa, huku wenzangu wanakaa wanaandika sheria ya kulisubiri. Ningepakia taa kwenye ndege, wangehesabu 55 na bima. Nimeiweka baharini wiki saba, inakula chumvi, kumbe kila maili ilikuwa inaongezeka thamani. Nikapiga hesabu haraka haraka kwenye simu kama ndege ingeniokoa. Ikatoka kwamba kile ambacho ningepunguza kwenye kodi kisingefika hata zile dola 50 ambazo ndege ingenizidishia. Nikafuta ile hesabu. Nilikuwa nataka kukasirika kwa amani.

Nikalipa. Wakanipa kontro namba, nikalipia kwenye simu, simu nayo ikakata chake. Nikalipa wakala, nikalipa ghala, nikalipa bajaji ya kuileta maana ndani ya daladala kondakta alisema taa hiyo ni abiria. Jumla yote kuanzia Nagoya: laki sita na sabini na tano.

Mama watoto nilimwambia laki mbili. Sikujua kwamba meseji za malipo ameshazisoma, zote, kwa mpangilio wa tarehe. Hakusema neno. Jioni akapika dagaa. Kesho yake dagaa. Siku ya tatu nikauliza, mama, si ulisema umenunua samaki? Akasema alinunua, ila ile bei haikuwa mpaka hapa mlangoni.

Fundi akaifunga taa. Inang'aa, Wallahi. Sasa ile ya zamani upande wa pili imeonekana ilivyofubaa, gari limekuwa kama mtu anayekonyeza. Wala usiku sijaliendesha, mafuta nitoe wapi? Ndiyo maana Ijumaa, ili pesa yangu isipotee bure, nililigeuza pale uani likatazama ukuta wa jirani, nikawasha taa, nikavuta kiti nikakaa. Watoto wa mtaa wakaja wakacheza rede kwenye mwanga wangu. Nikawaza, hii ndiyo laki sita na sabini na tano, itazameni.

Saa mbili na nusu mwanga ukawa wa njano. Ukawa mwekundu. Watoto wakasema aaah, wakaenda kwao.

Betri.

Shemeji ameshanitumia picha. Kuna betri Dubai, anasema, dola 38. Nimemfungia namba. Jamani, anayejua muuza betri pale Kariakoo anielekeze, ataje bei yoyote, hata akitaka kuangalia viatu vyangu kwanza, aangalie.