Boksi la plagi lisilohitaji shahidi

Jumamosi nilikuwa chini ya gari hapa Leeds, baridi ikinipenya mifupani, nabadilisha plagi za cheche za injini na oili ya difu (kasha la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) ya Subaru Forester yangu ya turbo. Kazi yenyewe haina raha yoyote. Injini ya Subaru imelala ubavu, pistoni mbili huku na mbili huku, plagi zinatazama chesisi, na ili mkono upite inabidi utoe betri upande mmoja na kasha la chujio la hewa upande wa pili. Kilichonifurahisha ni kwamba nilinunua plagi bila kumshuku mtu. Nilitaja namba, kijana wa dukani akaleta nne za kampuni ya NGK, nikalipa, nikaenda zangu. Sikusoma maandishi ya boksi kwa tochi ya simu nikitafuta herufi iliyokosewa. Sikumtumia mtu picha nikamuuliza, "Hebu tazama, hii ni orijino?"

Watu wa Mombasa, mliozoea kuuziwa plagi feki, mnanielewa.

Na najua mnachotaka kusema. "Huyu naye kavuka maji juzi tu, leo plagi za kwetu zinamnukia." Tulieni kwanza. Sijasema Uingereza ni pepo. Gereji ya karibu na kwangu inahesabu saa, na bei ya saa moja ukiigeuza shilingi utakaa chini, halafu juu yake waongeze VAT asilimia 20. Ukishalipa, unakabidhiwa kijana anayechomeka kompyuta kwanza, na kompyuta ikinyamaza naye ananyamaza. Ndiyo maana najilaza kwenye sakafu ya saruji mwenyewe.

Fundi wetu wa Magongo, kule Mombasa, hanyamazi. Mzee aliyekuwa akinitengenezea gari kabla sijaondoka alikuwa akilinyanyua lote, magurudumu yanazunguka, anagusisha ncha ya bisibisi kwenye difu na mpini anauweka sikioni, kisha anakwambia ni beringi ipi imeanza kulia. Oili ikitoka anaisugua kwa vidole, anaangalia chembe za chuma zilizonasa kwenye sumaku ya nati, anakwambia kama una miezi au una wiki. Huku sijapata mtu wa kumfananisha naye. Tena ni yeye aliyenionya: usimwage oili ya difu kabla ya kuhakikisha nati ya kujazia inafunguka. Ukitangulia kumwaga, halafu ile ya juu ikakushinda kwa kutu, gari limebaki kavu na huwezi kuliendesha hata mpaka kwa mchomeleaji. Difu ya nyuma ya Forester inakula lita 0.8 tu ya oili ya gia, daraja la GL-5, uzito wa 75W-90, unajaza mpaka ichirizike kwenye tundu la juu. Aliyajua haya yote kichwani, hana kitabu, hana intaneti.

Kwa hiyo asije mtu akanisingizia nimewadharau mafundi. Ninalolilaumu ni boksi la feki.

Turbo haina huruma kwenye plagi. Hewa inasukumwa ndani ya silinda kwa nguvu, na mgandamizo ukizidi, cheche inapata taabu kuruka. Ndiyo sababu nafasi ya plagi za gari kama langu ni finyu, milimita 0.7 mpaka 0.8, wakati magari mengi yasiyo na turbo yanakaa kwenye 1 au 1.1. Halafu kuna namba ya joto. Plagi ya turbo lazima iuondoe moto haraka kwenye ncha yake, la sivyo ncha inabaki nyekundu, mafuta yanawaka kabla ya wakati wake, na pistoni inapasuka. Plagi feki ina namba zote hizo, zimechapwa vizuri kabisa, na hakuna hata moja inayosema kweli. Gari linapanda kilima cha Mazeras, unakanyaga, linamisi, injini inakatakata. Unarudi Magongo kumfokea nani? Fundi. Mzee wa watu anaapa kwamba amefunga vizuri, na kweli amefunga vizuri, lakini jina linaloharibika mtaani ni lake. Aliyeuza yuko dukani anahesabu.

Ndipo tumefika mahali tunaamini kifaa kilichochakaa kuliko kipya. Gari lililotumika linaruhusiwa kuingia Kenya likiwa halijapita miaka 8, na plagi za iridiamu zilizokuja nalo kutoka kiwandani zinaweza kwenda kilomita 100,000 hivi. Basi mwenye gari anamwambia fundi, "Hizo zilizokuja nalo usizitupe, zipanguse urudishe." Watu wanacheka, mimi naona ana akili. Eksi-Japani iliyotumika huko Osaka inapata wateja wanaogombea, mpya iliyo ndani ya plastiki inatazamwa kwa jicho la pembeni. Na sisi ndio tunaokaa mlangoni! Orijino na feki zote zinashukia bandari ya Kilindini, pua zetu pale pale, kabla Nairobi haijaonja chochote. Sheria ya kupambana na bidhaa bandia ipo tangu 2008. Sheria ipo, na tochi ya simu bado ipo.

Kuna atakayesema hela hakuna, mtu ananunua anachoweza. Mwenye tuktuk akisema hivyo namsikiliza, nanyamaza. Lakini wewe uliyenunua Subaru WRX, gari la mbio, ukaiwekea ekzosi inayoamsha Tudor nzima usiku wa manane, ukaipaka nta mpaka kunguru anajiona, halafu unabishana na fundi kwa mia mbili ya plagi? Wewe usinizungumzie umaskini, yakhe. Nawajua. Wengine mmekula kwangu.

Nami sikatai kwamba tuna mambo ambayo huku hawanayo. Oili chafu ya difu niliibeba kwenye galoni hadi kituo cha taka cha halmashauri, nikaimwaga kwenye tangi lao, kimya, hakuna aliyeniuliza kitu. Kwetu isingefika mbali. Jirani angeshakuja na mkebe, apake boriti zake dhidi ya mchwa, na kabla ya kuondoka angenipa habari za mtaa mzima.

Na wewe unayesema, "Kama unajua sana, rudi ufungue duka la plagi za kweli." Nimelifikiria hilo zaidi ya unavyodhani. Nitauza bei ya kweli, jirani yangu atauza boksi lilelile kwa robo yake, na mteja atakayeingia ataniita mwizi. Nionyeshe hesabu ya kutoka hapo, nitakata tiketi.

Kwa sasa duka ni sanduku langu la nguo. Binamu yangu wa Bamburi ameshaniagiza plagi nne, na wenzake wawili wamedandia oda. Nitaleta, inshallah. Ila nitumieni namba ya injini na mwaka wa gari, msinitumie rangi. Oili ya difu msiniagize. Ikivuja humo ndani, kanzu zangu zitanuka kiberiti mpaka Idi.